Moyo wa Elibariki Kiunoni Mwangu

Naapa kwa vidole vyangu vyote, na vya jirani kama havitoshi: humu hakuna neno la kutunga.

Mwaka tisini na nane, Elibariki, muuza mabati wa jumla pale Kariakoo, moyo wake ulikuwa unaruka mapigo. Ukimshika vibaya, mabati dukani yalitetemeka mpaka watu wa Msimbazi wakaanua nguo wakidhani mvua. Alishawahi kuzimika, akaangukia kaunta.

Akaenda kwa Daktari Nirali, binti wa mzee Tulsidas, mwenye kliniki Mchafukoge. Nirali alikuwa na kompyuta aliyoilisha mapigo ya wagonjwa wengi, mazima na mabovu, mpaka ikajifunza yenyewe kuyatofautisha. Unavaa nyaya kifuani na kinasa cha kanda kiunoni, unashinda navyo na kulala navyo, kisha kompyuta inasoma kanda. Ya Elibariki ikaikataa. Akapewa vidonge na amri: asiguse usukani mpaka kanda ya pili itoke safi.

Na Krismasi ndiyo hiyo. Mchaga asipopanda kwao Machame, Kilimanjaro, Desemba na gari lake, nyumbani wanajua kafa au kafilisika.

Akanifuata kibarazani, ninaposimulia visa vyangu kila jioni, kinasa mkononi. "Shikamoo mzee Fikirini. Nivalie hiki mpaka kesho."

"Marahaba. Na vidonge?"

"Vinanilegeza, nimeviacha. Moyo wako mzima, mzee wangu."

Nikavaa. Dereva mstaafu wa serikali, nina kazi gani nyingine?

Kesho yake tukaenda pamoja kuchukua ruhusa. Nirali akageuza kioo cha kompyuta kitutazame.

"Inasema huyu si mtu wa kanda ya kwanza. Tena jioni, saa za barazani, moyo umemwenda mbio. Elibariki, ulikuwa unafanya nini?"

Mdomo wangu ukanitangulia: "Hapo nilikuwa nimefika kwenye simba."

Nirali hakucheka. "Ungezimika njiani na watoto wako nyuma, mzee angewasimulia simba gani?"

Elibariki akainama. Akapewa vidonge vingine, vyepesi, akameza cha kwanza mbele yetu.

"Na wewe mzee," Nirali akasema, "uliyevaa moyo wake, utashika na usukani wake."

Nikaendesha mpaka Machame. Anaeli, mkewe, alikaa nyuma yangu, na kila nilipofungua mdomo alisema, "Mzee, barabara."