Hesabu Iliyojaza Maji Darasani

Jumatatu, kipindi cha pili, Mwalimu Zebuniso aliwaambia watoto wa darasa la sita watunge hesabu zao wenyewe, zitokane na maisha yao. Agizo lilitoka wilayani na yeye hakulipenda hata kidogo. Aliwajua watoto wa bonde lile: ukiwauliza maisha yao, watakutajia mbuzi.

Wanane walitaja mbuzi. Kisha akasimama Mohira, binti wa Sattor mwenye shamba la miaprikoti, akasoma yake: "Kila wiki zamu yetu ya maji ya mfereji ni muda wa saa sita. Mgawa maji anatufungulia saa mbili tu. Anatunyima saa ngapi?"

Darasa zima likamgeukia mwalimu. Mgawa maji, Haydar, alikuwa shemeji wa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ndiye aliyempa Zebuniso kazi.

"Hiyo si hesabu, ni umbea," Zebuniso alisema. "Kaa chini."

"Ni kutoa tu, Mwalimu. Sita toa mbili."

"Utanifundisha kutoa, wewe? Mdomo kama chiriku!"

Lakini mtoto wa dawati la mbele alikwisha kuandika jibu, na maji yakaanza kutoka chini ya ubao. Yalikuwa maji ya mfereji, ya baridi, yenye matope. Yalitoka kwa muda wa saa nne kamili. Watoto walipandisha mikoba juu ya madawati, wakakunja suruali, wakaendelea na hesabu za sehemu. Yalipofika magotini yakasimama. Mlango ulikuwa wazi, ila tone halikutoka nje.

Jumatano mwalimu mkuu alikuja na Haydar, wote wamevaa mabuti ya mpira. Haydar alichovya kidole akaonja.

"Maji ya mferejini haya. Nani kayaleta?"

"Hesabu," Zebuniso alijibu.

"Ya nani?"

Zebuniso alimhurumia mtoto, na aliogopa kufukuzwa kazi. Woga ukatangulia. "Ya Mohira. Ina makosa, nimempa mbili." Mbili, katika shule zile, ndiyo alama ya kufeli.

"Binti," Haydar alisema, "baba yako ndiye anayekufundisha kuhesabu vya watu?"

"Vya kwetu, Mzee Haydar."

"Hana adabu huyu," mwalimu mkuu akasema.

Alhamisi Haydar alichimba mtaro kutoka mlango wa darasa hadi bustanini kwake. Maji yaliyokataa kutoka yakamfuata bila ubishi, na kila Jumatatu yalijaa tena darasani, muda wa saa nne, yakaenda kwake. Wakaguzi wa wilaya walipokuja waliusifu mtaro, wakisema hapo hisabati inahudumia maisha. Mohira aliamriwa arekebishe hesabu yake: mgawa maji ana maji ya saa nne, bustani yake ina miti arobaini, kila mti upate dakika ngapi? Akajibu sita. Akapewa tano, alama ya juu kabisa.

Oktoba, kama desturi, kila mtoto alileta kuni za jiko la kupasha darasa joto wakati wa baridi. Mohira alikuja na toroli lililojaa magogo ya mwaprikoti, makavu hadi kiini.

"Zote hizi?" Zebuniso aliuliza.

"Baba amekata miti ishirini na mitatu, Mwalimu. Zitatufikisha Machi."

Zebuniso aliona aibu, akainama kusokomeza gogo ndani ya jiko. Lilishika upesi, halikutoa moshi. Akafungua daftari, akatia alama kwenye jina la Mohira: ameleta.