Risasi ya Kumi na Tisa

Bunduki ilipomlipukia Sandeep usoni kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha na kumuua, watu walianza kuninyooshea kidole, maana risasi zake nilimjazia mimi. Upuuzi mtupu! Miaka thelathini napima baruti kwenye gereji yangu hapa Stanmore.

Tulipokwisha kuuchoma mwili wake, nilizichukua risasi zilizobaki niwaumbue. Nilizitia moja baada ya nyingine kwenye nyundo ya plastiki ya kufungulia risasi, nikagonga, vichwa vikachomoka, nikapima baruti ya kila moja. Kumi na nane zilikuwa sawasawa.

Ya kumi na tisa haikuwa na baruti hata chembe. Kipimo chake nilikuwa nimekimimina kwenye risasi nyingine iliyokwisha kujazwa.

“Jaswant, acha hiyo kazi, chai inapoa!” mke wangu akaita, kama alivyoniita siku ile nilipokuwa nikizijaza.