Mikono ya Goodness

"Binti yako anakunywa gongo kazini," Patrisi wa bodaboda alisema akimshusha abiria wake. "Vikombe vitatu amevunja wiki hii. Loji wamemrudisha nyumbani. Hujaambiwa, mama?"

Cresensia akaibeba habari hiyo toka njia panda ya Rhotia hadi mlangoni kwake, imemng'ang'ania kama kupe.

Goodness alikuwa uwani, ungo wa mbegu za maharage mapajani. Kazi hiyo aliijua tangu utotoni: jiwe huku, mbegu kule. Leo vidole vilitetemeka. Mbegu zilitupwa upande wa mawe, mawe yakabaki kwenye mbegu.

Mama akachuchumaa, akasogeza uso.

"Unaninusa, mama?"

"Watu wanasema."

"Waache waseme!" Ungo ukasukumwa, maharage yakatapakaa. Kisha Goodness akalia, yeye ambaye hata msibani huwa mgumu. "Silali. Fizi zinatoka damu. Kinywani ni kama nanyonya msumari. Mtu akipiga hodi natamani kujificha. Juzi nimepotea humo humo loji, mama, na nimetandika vitanda vyake miaka mitatu."

Pumzi yake haikuwa na pombe. Cresensia akaanza kuokota maharage. Afadhali ingekuwa gongo, gongo analijua.

Kesho yake, hospitalini Karatu, daktari aliutazama uso uliong'aa, akatazama vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi.

"Unapaka nini, dada?"

Goodness akatoa mkobani kopo dogo la krimu lisilo na lebo. "Nilitaka wanihamishie mapokezi. Wa mapokezi wote ni weupe."

"Huenda ina zebaki. Tutapima mkojo. Ukiacha leo, mikono inaweza kutulia. Kumbukumbu, tuvute subira."

"Hata mimi nilipaka visiginoni," Cresensia alinong'ona. "Mabaki yake. Niliona yatapotea bure."

Jumapili, baada ya ibada, wanawake walimzunguka Cresensia kwa pole zenye maswali ndani. Hakujitetea. Akawahesabia tu aliyoambiwa hospitalini, sauti imechoka:

"Krimu isiyo na jina la mtengenezaji, usiguse. Sabuni ya weupe ya kupimiwa bila pakiti, usiguse. Kopo likiandikwa zebaki, hata kwa Kizungu, rudisha. Mtoto usimlaze kwenye mto wa anayejipaka. Kopo usilichome jikoni, moshi wake ni sumu."

Nyuma yake Goodness, mikono ndani ya kanga, akaongeza polepole:

"Na mikono ikianza kutetemeka, usiseme ni uchovu, ukapaka tena."