Kicheko cha Sekunde Tisa

Wanafunzi walimwita Desimali. Halikuwa tusi. Mhadhiri yule wa takwimu hakuwahi kukubali jibu lisilo na tarakimu mbili baada ya nukta, na walimtania kwamba hata mkewe akimuuliza atarudi saa ngapi humjibu kwa dakika na sekunde. Alikuwa na miaka thelathini na minane, shati limechomekwa daima, na kwa miaka sita mfululizo alikuwa amefundisha kozi ileile kwa walimu wanaosomea shahada: ukumbi wa viti mia mbili na arobaini, yeye mbele anasema, wao nyuma wanasinzia. Kila mwaka theluthi yao walifeli.

Mwaka wa saba mkuu wa kitivo alimwita.

"Chuo kinataka mbinu mpya za kufundishia," alisema. "Mwisho wa mwaka kuna tuzo. Kitivo chetu hakijawahi kuigusa. Hebu jikune kichwa, ulete kitu."

Desimali alikuna kichwa wiki mbili, hakupata kitu. Aliyemletea alikuwa Shangazi.

Shangazi alikuwa mwanafunzi wake, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi aliyerudi kusoma baada ya kushika chaki miaka ishirini na miwili. Wenzake darasani wangeweza kuwa wanawe, ndipo jina lilipotoka. Alasiri moja alikuja ofisini na swali, akajibiwa, lakini hakunyanyuka.

"Mwalimu, naomba niseme kitu, usinielewe vibaya. Mule ukumbini watu wanaogopa. Mtu akikosea anafunika daftari kwa kiwiko. Mimi kule kwangu, kila Ijumaa naandika ubaoni kosa moja la wiki, halafu nawauliza: huyu mwenzetu alikuwa anawaza nini hadi akafika hapa? Utawaona wanavyogombania kunyoosha mikono! Wanagundua kwamba hata kosa lina akili yake."

"Na mwenye kosa je?"

"Huyo namwomba kwanza, pembeni. Akikubali, nalinakili kwa mkono wangu. Akikataa, naliacha. Mtoto akishachekwa, hesabu inamkimbia, na kuirudisha ni kazi."

Desimali aliandika yote hayo kwenye karatasi. Wiki iliyofuata alianzisha Darasa la Makosa. Mihadhara aliirekodi, wanafunzi wakaisikiliza kwenye simu zao huko waliko, na saa za ukumbini zikawa za kazi. Viti viligeuzwa, watu wakakaa watano watano, kosa moja likamulikwa ukutani, na kila kundi likatafuta mahali njia ilipopotea. Kila kundi liliandika maelezo yake kwenye karatasi kubwa na kuyabandika.

Mambo yakanoga. Waliokuwa wakisinzia nyuma sasa walibishana hadi mishipa ya shingo ikawatoka. Jaribio la katikati ya muhula walifeli kumi na wanane tu. Mkuu wa kitivo alikuja na wageni wawili kutazama, na wakati wa kutoka mmoja aliuliza, "Wazo hili ulilipata wapi?"

"Lilinijia tu," Desimali alijibu, "nikiwa nasahihisha."

Maneno yalimtoka kama chafya. Alijiambia atayarekebisha baadaye, ikipatikana nafasi nzuri. Ilipatikana mara tatu, na mara zote tatu akanyamaza.

Mwanzoni aliwaomba ruhusa wenye makosa na kunakili kazi zao upya, kama alivyoelekezwa. Lakini karatasi ni mia mbili na arobaini, na mtu ni mmoja. Kufikia wiki ya tano alikuwa akipiga picha karatasi yenyewe, kafunika jina kwa kipande cha bahasha, basi.

Wiki ya nane alikuja mtu wa kamera, kwa sababu kamati ya tuzo ilitaka kuona somo lote. Desimali alitaka kosa la kupendeza, na katika karatasi za wiki hiyo lilikuwepo moja tu. Swali lilikuwa jepesi: darasa moja lina watoto ishirini, wastani wao ni sitini, jingine lina watoto sitini, wastani wao ni arobaini, je, wastani wa wote ni upi? Mwenye karatasi alijumlisha sitini na arobaini, akagawa kwa mbili, akaandika hamsini na kupigia mstari kwa rula. Alisahau kwamba darasa la pili lina watoto wengi zaidi. Jibu ni arobaini na tano.

Mwandiko ulikuwa wa mviringo, umelala sawasawa juu ya mistari. Desimali aliujua kabla hata ya kuangalia jina. Alishika simu ampigie Shangazi, akawaza: akikataa je? Akairudisha mfukoni.

Karatasi ilimulikwa ukutani. Kwa wiki nane Shangazi ndiye aliyeandika karatasi kubwa za kundi lake. Hapakuwa na asiyeufahamu mkono ule.

"Ah! Si mwandiko wa Shangazi huo?" sauti ilisema kutoka katikati.

Na nyingine, ya kijana mcheshi wa safu za nyuma: "Jamani, na huyu ndiye anawafundisha watoto wetu hesabu!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Shangazi alikuwa safu ya kwanza. Hakugeuka. Alitabasamu kwa midomo peke yake, akaifunika kalamu yake kifuniko, akaiweka juu ya daftari. Kisha watu wakatulia, makundi yakaingia kazini, na lile lilikuwa somo bora kuliko yote aliyowahi kufundisha Desimali. Walilichambua kosa lile hadi wakachora mizani kulieleza.

Jumapili mchana alikaa sebuleni na mkewe kutazama video kabla ya kuituma. Mkewe alikuwa muuguzi, mtu wa maneno machache. Walipofika mahali pa kicheko alisema, "Rudisha nyuma."

Akarudisha.

"Huyo mama wa mbele ndiye mwenye karatasi?"

"Ndiye."

"Sasa wewe mbona unacheka?"

Desimali alitazama. Kwenye kioo, kando ya ukuta uliomulikwa, mwanaume aliyechomeka shati alikuwa amerudisha kichwa nyuma, meno yote nje. Hakukumbuka kabisa kwamba alicheka. Siku zote nne zilizopita alikuwa akijisimulia kwamba wanafunzi walicheka na yeye akawatuliza.

"Ilikuwa utani tu," alisema.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema mkewe, akaenda zake jikoni.

Desimali alibaki na kompyuta. Kicheko kilichukua sekunde tisa. Alizikata. Maungio hayakuonekana hata kidogo. Akaituma video, na wiki tatu baadaye akapanda jukwaani kupokea tuzo, akapigwa picha na mkuu wa kitivo akiwa kamshika bega.

Shangazi hakuwa ukumbini siku hiyo. Hakuwa amefika darasani tangu wiki ya nane. Desimali alikuwa akisema moyoni kwamba watu wazima wana shughuli zao, mpaka Jumatatu moja alipokuta mezani fomu ya kuahirisha masomo inayosubiri saini yake. Kwenye sababu paliandikwa kwa herufi za mviringo: "Binafsi." Aliishika kalamu, kisha akaiweka chini bila kusaini. Saa nane alimwuliza karani shule anayofundisha Shangazi, akaondoka.

Ilikuwa shule ya ghorofa moja yenye korido ndefu na madirisha yasiyo na vioo. Alimkuta darasa la kwanza, anafundisha watoto kuimba majina ya siku. Alisubiri nje hadi kengele ilipolia. Shangazi alitoka, akamwona, akasimama.

"Shikamoo, mama," alisema Desimali. Chuoni hakuwa amewahi kumwamkia.

"Marahaba. Umeniletea fomu?"

"Sijasaini. Nimekuja kuomba radhi. Kile kicheko..."

"Watu hucheka," alisema Shangazi. "Nimefundisha watoto miaka yote hii, kicheko nakijua. Lakini mule ukumbini kuna walimu wawili wa hapa hapa, na mmoja nimemfundisha mwenyewe akiwa darasa la nne. Jumatatu nikaingia ofisini nikaitwa Mama Hamsini. Ijumaa mwalimu mkuu akaniita. Akasema wazazi wamesikia, basi nipumzike kidogo na hesabu za darasa la saba. Ndiyo maana unaniona huku naimba Jumatatu, Jumanne."

Desimali hakujua hilo. "Nitamwandikia mwalimu mkuu."

"Utamwandikia nini? Kwamba sikukosea? Nilikosea. Nilikuwa nimechoka, nikajibu haraka, nikakosea. Si ndiyo nilikuja chuoni kwa sababu hiyo, nikosee nifundishwe? Pale ndipo mahali pangu pa pekee pa kukosea. Ukapafungua milango, ukaita watu."

Angeweza kuishia hapo. Hakuishia.

"Kuna jingine," alisema. "Nimepewa tuzo ya Darasa la Makosa. Waliniuliza wazo ni la nani, nikasema ni langu. Na ile video, nilikata mahali ulipochekwa. Mahali nilipocheka na mimi."

Watoto walipita katikati yao wakikimbia.

"Kumbe," alisema Shangazi, polepole. "Kumbe ulikuja kutua mzigo." Akachukua daftari zake dirishani. "Haya, umeutua. Nina kipindi."

Usingizi ulimhama siku tatu. Siku ya nne aliandika barua kwa kamati ya tuzo, akaambatanisha video nzima, na akaeleza wazo lilitoka kwa nani na lilikuja na sharti gani, na vipi sharti lile yeye alilitupa. Nakala aliipeleka kwa mwalimu mkuu wa shule ile kwa mkono wake, akiongeza kwamba kosa lenyewe hata wahadhiri hulifanya, yeye mmojawapo. Darasani aliwasimulia wanafunzi yote, amesimama. Hakuna aliyecheka. Yule kijana mcheshi aliinamisha uso hadi mwisho wa kipindi.

Mkuu wa kitivo alifoka. "Nani alikutuma ujivue nguo hadharani? Tuzo ilikuwa ya kitivo chote!" Kamati haikutaka kelele, iliiondoa video kimyakimya, ikamwomba airudishe ngao ya tuzo, na mwaka uliofuata tuzo ikaenda kitivo kingine. Kwa barua nyingine, fupi, kamati ilimshukuru Shangazi "kwa mchango wake". Mwalimu mkuu naye hakujibu lolote. Darasa la saba lilimaliza mwaka na mwalimu mwingine, na Shangazi akaendelea na wale wa kuimba.

Aliahirisha muhula mmoja, kisha akarudi. Kozi ya takwimu alijiandikisha kwa mhadhiri mwingine, mzee wa mihadhara ya kizamani ambaye watu walisinzia kwake. Desimali alipoona jina lake kwenye orodha ile alijua ni kwa nini, na hakuweza kumlaumu.

Walikutana mara moja tu, kwenye ngazi za maktaba, asubuhi. Yeye alikuwa anashuka, Shangazi anapanda na mkoba begani. Walijuliana hali. Desimali alitaka kuacha hapo, ulimi ukamshinda.

"Mama, umeshanisamehe?"

Shangazi alishusha pumzi, kama mtu aliyeulizwa njia na yeye mwenyewe ni mgeni.

"Kuna siku naamka nimekusamehe," alisema. "Halafu nafika kazini, nasikia mtu ananiita kwa jina lile la hamsini, yanarudi yote. Sasa nikujibu nini?"

"Hamna, mama. Nimesikia."

"Na usiniulize tena. Ukiniuliza unanipa kazi mimi."

Alitazama saa yake. Mtihani wake ulikuwa saa nne, na ngazi zilikuwa nyembamba, watu wanapanda kwa wingi.

"Nipishe, Mwalimu," alisema.

Desimali alijibana ukutani, mgongo umegusa saruji, na akabaki hapo hapo mpaka wote walipokwisha kupita.