Dane Hana Mshenga

Watu wa kijiji kile cha kando ya maziwa na maporomoko ya maji hawaendi kuyatazama. Waende kufuata nini? Ngurumo ya maporomoko wameisikia tangu matumboni mwa mama zao. Wa kuyapiga picha ni wageni. Kwa hiyo Dane alipobisha kwa jirani yake Jeka asubuhi ile, amenyoa, kavaa koti la kanisani, akasema, "Jirani, twende tukayaone maji kabla hujaondoka," mama wa watu alijua fika kwamba neno si maji.

Jeka alikuwa mjane, na Jumapili mwanawe Tomica angekuja kumchukua kwenda kuishi naye Munich, moja kwa moja. Masanduku yalishafungwa. Na huyu Dane, mgane, aliyempasulia kuni na kumwondolea theluji mlangoni kila majira ya baridi, hajawahi kutamka lolote. Jeka alikuwa amejiapiza: akisema, nabaki; asiposema, nakwenda zangu.

Walipanda boti ya kuvukia ziwa Kozjak. Boti ile inakwenda kwa umeme, kimya kabisa, mahali pazuri pa kusema jambo. Dane akakohoa. Jeka akatega sikio.

"Samaki ni wengi mwaka huu," akasema Dane.

"Wengi."

"Na dubu ameonekana kule juu."

"Dubu! Haya."

Eti dubu! Ungekuwa wewe si ungemsukumia majini?

Wakashuka, wakafuata vijia vya mbao hadi chini ya poromoko kubwa. Pale maji yanashuka kwa kishindo na manyunyu yanakulowesha uso. Dane akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Uvumilivu ukamwisha Jeka.

"Dane, umenileta huku kwa habari za samaki?"

"Unasemaje?"

"Nasema, umenileta kwa habari za samaki?" Safari hii alipiga kelele, na wageni waliosimama karibu wakageuka.

Dane akamwinamia sikioni. "Nilitaka kumtuma rafiki yangu Joso kwako. Joso amekufa. Kaka yangu alishatangulia. Nani aliyebaki wa kumtuma? Nije mwenyewe mlangoni bila mshenga, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi? Siwezi kukuvunjia heshima hivyo, Jeka."

Jeka akamtazama. Muda wote ule alidhani hatakiwi, kumbe anaheshimiwa! Alitaka kucheka, na papo hapo akamwonea huruma.

"Jamani, wanaume wa huku!" akasema. Akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, akajinyoosha. "Basi leo mshenga ni mimi. Simama vizuri." Akapaza sauti: "Bibi Jeka, nimetumwa na Dane. Ana nyumba, paa linavuja kidogo tu. Ana ng'ombe mmoja, mkaidi kama mwenyewe. Ni bubu wa kujitakia, na anakoroma..."

"Sikoromi!"

"Nyamaza! Mchumba hamkatizi mshenga. Anakoroma, barabara nzima inajua. Na tena amenituma niseme kwamba..." Hapo akakwama. Sauti ikapungua. "Hilo hujanituma, Dane. Mshenga hasemi asichotumwa."

Dane akafinyanga kofia mikononi. Kisha yule mtu ambaye hata kanisani haimbi akapiga ukelele kuyashinda maji:

"Mwambie anampenda! Mwambie kila asubuhi anatazama bomba la jiko lake, na asipouona moshi, hali chakula!"

Wageni hawakuelewa hata neno moja, lakini walipiga makofi. Jeka alilia waziwazi, wala hakujifuta.

"Na jibu?" akauliza Dane.

Jeka akamshika mkono, akamvuta mpaka mbali na ngurumo, akatoa simu mfukoni.

"Tomica? Mama hapa. Jumapili njoo na suti... Hapana, mwanangu, siendi popote. Nimeletewa posa, na kwetu hakuna mwanamume mwingine wa kuipokea ila wewe."