Kina cha Swali la Sita

Saa nne asubuhi Asteria alitandika mkeka kando ya mwalo wa kuoshea dhahabu, pale Nyarugusu, akachonga penseli, akaanza kuwauliza watu maswali yale yale aliyowauliza wiki mbili nyuma. Ndiyo kazi yenyewe: hojaji ya msongo wa mawazo imetafsiriwa Kiswahili, na wakubwa wake wa Shinyanga wanataka kujua kama ikiulizwa mara mbili itatoa jibu lile lile.

Swali la sita liliandikwa na mtu wa ofisini: "Mwezi uliopita, ni mara ngapi ulihisi umezama?" Sasa, Nyarugusu kuzama ni kushuka duarani, kwenye shimo la kuchimbia. Basi watu walizama. Aliyejibu sifuri alibaki juu. Moja, vifundoni. Mbili, magotini. Aliyejibu nne, yaani kila mara, ardhi ilimpokea hadi kifuani, taratibu, kama uji unavyopokea kijiko. Wenzake walimvuta, akajikung'uta, akangoja swali la saba.

Asteria alipima kwa futi kamba. Watu hamsini na tisa walirudi kwenye kina kile kile cha mwanzo, hata sentimita haikupotea. Alizisoma namba mara mbili kwa uzuri wa jambo hilo.

Alibaki Apolonia, mama Ngusa, mponda mawe. Mumewe Maduhu hakuonekana tena tangu lilipotitia duara la Boaz, lililopita chini ya mwalo huo huo. Boaz alisema siku ile duarani hamkuwa na mtu. Maduhu, alisema, kakimbilia Rwamgasa, tena na mwanamke. Mwalo mzima ulijua ni uongo, na mwalo mzima ulikula kwa Boaz. Mara ya kwanza Boaz alikaa hapo hapo akitafuna muwa, na Apolonia akajibu sifuri kila swali, kama mtu anayeitikia salamu.

"Boaz yuko wapi leo?" aliuliza.

"Kaenda Geita kununua pampu."

"Basi niulize, mayu."

Asteria alimsomea. "Nne," alisema Apolonia, akapita kifua, akapita shingo, kilemba kikafuata. Futi kamba iliisha. Mtu mmoja akazima mashine ya kusagia mawe. Sauti ikatoka chini, tulivu:

"Nimemkanyaga begani. Ni yeye."

Mwamvua, mama lishe, akainama. "Msalimie! Mwambie Ngusa kaota meno!"

Sauti ya Apolonia ikapanda tena:

"Anasema mangapi?"

"Mawili, ya chini!"

Walipomtoa, kope zake zilimeta vumbi la dhahabu.

Boaz aliporudi alisikiliza habari yote kwa adabu. "Karatasi hizo zinapima mawazo," alisema, "hazipimi maduara." Hakufukua. Ofisi nayo ikapiga simu: mtu mmoja hawezi kuwa sifuri na nne, ni kosa la mhojiwa, atolewe. Asteria akamtoa. Ripoti ikaandikwa kwamba hojaji inaaminika.

Kabla ya kuondoka, Asteria alimwachia Mwamvua nakala moja iliyobaki. Kila Jumapili baada ya misa Mwamvua humsomea Apolonia swali la sita, naye hujibu nne, akashuka na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Watu huendelea kuosha mchanga mpaka aite avutwe. Sahani hurudi tupu.