Jani la Isale Mbele ya Kamera

Kwa wiki tatu kamera ya Vedastus haikuleta picha ya maana, ila jani. Jani refu la kijani, limepigwa fundo na kuning'inizwa mbele ya kioo kwa adabu zote. Alilitoa, likarudi; akalitoa tena. Kama ulikuwa mzaha, mwenye mzaha hakuwa na haraka.

Vedastus, askari wa hifadhi aliyetokea Bukoba, alikuwa akimtafuta minde, mnyama mweusi jamii ya paa ambaye watu wa Kibosho walisema hajaonekana miaka mingi. Alitamani kumwona kuliko alivyotamani likizo. Picha isipopatikana kufikia Ijumaa, kamera zingehamishiwa upande mwingine wa mlima pamoja na doria, na wategaji wa nyaya wangebaki na msitu wao.

Alhamisi akajibanza kichakani. Saa nne asubuhi akatokea Bibi Priska wa Kibosho, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mundu mkononi, jani jingine kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Ndiyo wewe mwenye hilo jicho?"

"Ni langu. Mbona unaliziba?"

"Silizibi. Naliomba msamaha. Nilivuka mpaka wenu, likaniona. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, naye hakatai. Nyie mmelitupa mara mbili. Hiyo ni roho gani?"

Vedastus aliona aibu. Hakuthubutu kumwambia kwamba kabla ya jani la kwanza kamera haikuwa hata na betri.

"Ulivuka kufuata nini, bibi?"

"Mnyama alinaswa kwenye waya, analia. Nikaukata kwa mundu, akaenda zake. Mweusi, ana kishungi chekundu hapa." Akagusa paji la uso.

Vedastus aliifungua kamera. Akazirudia zile picha alizokuwa akizipita bila kuzitazama. Jani. Jani. Jani tena. Kwenye ya arobaini na moja, pembeni ya jani, pua yenye majimaji, na juu yake kishungi chekundu. Minde alikuja kulinusa.

Akacheka peke yake mpaka bibi akamtazama vibaya.

"Sasa unapokea au hupokei?" Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa.

Sheria ilitaka aliyevuka mpaka aandikwe jina, na akishaandikwa hakati tena majani. Vedastus aliijua vizuri. Akalipokea jani kwa mikono miwili, kisha akalifunga mwenyewe palepale mtini, ila safari hii kando kidogo ya kioo, minde apate nafasi ya kunusa.